Kipupwe Kamakis: Namna ya Kukutanisha Jamaa kwa Nyama na Kitabu Kimoja

Ukitaka jamaa zako wakutane na waongee, usiwaite Desemba. Waite Agosti, shule zikishafungwa, baridi ya kipupwe ikiwa bado imeilalia Ruiru na kila mtu anatafuta mahali penye moto. Desemba watu hugawanyika: huyu anakwenda kwao Murang'a, yule kwa wakwe Kakamega, mwingine hawezi kuacha duka kwa sababu ndio mwezi unaomlipa. Hata wakipatikana, wanakaa wakiwazia foleni ya Thika Road. Agosti wanaowagombania ni wachache. Watoto wako nyumbani, nauli haijapandishwa, na baridi yenyewe inawasogeza watu mezani.

Jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu: wape wote kitabu kimoja wakisome mwezi wa Julai, mkutane mkijadili. Utaambiwa, "Sisi tunakuja kula, si kwenda darasani." Vumilia. Nimeona familia zinazopendana kwelikweli zikikaa mchana mzima kuzungumzia bei ya mafuta, siasa za kaunti na mpira, zikaagana kwa kukumbatiana, na lile lililokuwa likiwakera wote likarudi nyumbani vilevile lilivyokuja. Nani anamlipia mama dawa. Kwa nini shamba liliuzwa. Kwa nini ndugu wawili hawapigiani simu. Mambo kama haya hayana pa kuanzia, na anayethubutu kuyaanza huonekana mchokozi. Kitabu huwapa pa kuanzia, kwa sababu mnaanza kwa kumjadili mtu ambaye si wa ukoo wenu na hawezi kukasirika.

Kwanza mahali

Kamakis iko kwenye Eastern Bypass, karibu na inapoungana na Thika Road, ndani ya Ruiru. Anayetoka Thika, Juja au Githurai anafika kwa Thika Road. Anayetoka Embakasi, Utawala au uwanja wa ndege anapita bypass bila kugusa katikati ya Nairobi. Tangu Thika Road ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya pande hizi yamezidi kugeuka mitaa, na kando ya bypass zikajipanga nyumba za nyama choma, yadi za magari na vilabu. Kwa familia iliyotawanyika, hapa ni katikati, na hakuna dada au shemeji anayelazimika kupikia watu ishirini halafu akose hata dakika ya kukaa nao. Hilo la mwisho peke yake lingetosha kunileta Kamakis.

Tatizo ni kelele. Jumamosi jioni hamtasikilizana. Basi kutaneni asubuhi, saa nne, na mpange mazungumzo yaishe kabla ya saa nane mchana. Saa hiyo sikuitunga. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo Wakenya wengi bado huiita Sheria ya Mututho, iliweka saa nane mchana kuwa wakati wa kufungua baa siku za wikendi. Hata pale isipofuatwa sana, ndipo spika huanza kupanda na chupa za kwanza kufika mezani. Sheria hiyo hiyo hairuhusu walio chini ya miaka 18 kuingia baa, kwa hiyo tafuta mahali penye sehemu ya mkahawa iliyojitenga, ambapo watoto watakaa bila wasiwasi.

Nenda ukapaone mwenyewe Jumamosi moja kabla, saa zile zile. Usiulize kwa simu, maana kwa simu kila mahali huwa patulivu. Keti, agiza chai, usikilize spika ziko wapi. Tembea hadi msalani ukimfikiria shosho mwenye magoti mabaya: je, kuna ngazi? Angalia upepo unaingilia wapi, kwa sababu vibanda vingi viko wazi pande zote na manyunyu ya Agosti huingia hadi mezani. Ukipata meza ndefu yenye ukuta upande mmoja na jiko la makaa lisilo mbali, weka nafasi na uache amana kidogo. Waambie wote waje na sweta, na mmoja abebe shuka mbili za ziada kwa ajili ya wazee.

Kuhusu nyama

Usiagize ukiwa umeketi. Nenda hadi buchani, wewe na mjomba mmoja anayejua nyama. Mbuzi ananing'inia kwenye ndoano. Omba mbavu na mguu wa mbele, utazame vikikatwa na kupimwa mbele yako, na usome mizani kabla kipande hakijaondolewa. Kisha mfuate mchomaji hadi jikoni umwambie unataka iive saa ngapi. Nyama nzuri haikimbizwi. Makaa yakiwa ya wastani, mbavu zinahitaji zaidi ya saa moja, na zile zinazokuja baada ya dakika ishirini zimebabuka nje tu. Kwa watu wazima, kadiria nusu kilo ya nyama mbichi kwa kila mmoja, pamoja na mifupa. Inapungua sana motoni. Mkifika watu ishirini na zaidi, uliza bei ya mbuzi mzima, maana mara nyingi inakuwa nafuu.

Hiyo saa moja na zaidi ya kungoja ndiyo ya kitabu. Familia nyingi huipoteza kwa simu, kila mtu ameinamia yake, halafu nyama inakuja, mikono inanawishwa kwa maji ya moto, ubao unawekwa katikati, kachumbari inapita, na kuanzia hapo hakuna anayetaka kusikiliza mtu. Agiza supu na mutura za kuwatuliza watoto, uweke kitabu mezani mara tu mchomaji akiipokea nyama.

Kitabu gani

Kwa familia inayofanya hivi kwa mara ya kwanza, ningechagua tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha. Sababu ya kwanza ni ya mfukoni. Imekuwa setibuku ya fasihi ya KCSE, hivyo kuna uwezekano mkubwa kwamba nakala iko tayari nyumbani kwenu, kwa mtahiniwa au kwa aliyemaliza majuzi. Sababu ya pili ni kwamba ni mchezo wa kuigiza, na mchezo mnaweza kugawana: wewe Sara, mwingine Yona, binamu awe Neema. Hata mvivu wa kusoma atasoma mistari yake.

Lakini sababu yenyewe hasa ni habari iliyomo. Sara ni mgonjwa. Mumewe Yona, aliyekuwa mwalimu anayeheshimika, aliangukia pombe. Wana mabinti, hawakujaliwa mwana wa kiume, na kijiji hakikuwaacha wapumue: kwanza waliandamwa kwa kukosa mtoto, halafu wakaandamwa kwa kupata wasichana watupu. Neema, binti aliyeolewa mjini, ndiye anayebeba gharama za matibabu ya mama, na mumewe Bunju ana maoni yake kuhusu mzigo wa wakwe unapaswa kuishia wapi. Ipo familia gani Kiambu isiyomjua mmoja wa watu hawa? Mtahiniwa wenu amezoea kuulizwa humo kuhusu maudhui na tamathali za usemi. Siku hiyo atasikia shangazi yake akiongea juu ya Sara kana kwamba anamfahamu, na nadhani ataielewa tamthilia hiyo zaidi kuliko alivyoielewa muhula mzima.

Kama familia ni ya watu wazima na jambo linalowasumbua ni ardhi, chukueni Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o. Hiki ni kitabu cha nyumbani kwa njia ambayo wengi wa vijana wa Ruiru hawaijui. Ngũgĩ, mwana wa Kamirithu kule Limuru, alikamatwa mwisho wa Desemba 1977, baada ya tamthilia aliyoandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuigizwa na wanakijiji na kupigwa marufuku. Akazuiliwa Kamiti bila kufunguliwa mashtaka hadi Desemba 1978. Gereza la Kamiti liko upande wa pili wa Thika Road, si mbali na Kahawa West. Ukitoka Kamakis kwa gari unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Mle ndani, kwa Kikuyu na kwenye karatasi za msalani, ndimo alimoandika riwaya hii. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1980, kisha ikatoka kwa Kiswahili. Inamfuata Wariinga na wenzake ndani ya matatu kutoka Nairobi kwenda Ilmorog, kwenye karamu ambako wezi wa kisasa wanashindana kujisifu nani amewanyang'anya watu zaidi. Mwandishi alifariki Mei 2025 huko Marekani. Kumsoma hapa, karibu hivi na alipofungwa, ni heshima tunayoweza kumpa bila gharama.

Kitabu hicho kitawafikisha kwenye udongo mliokanyaga asubuhi hiyo. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa; kituo cha utafiti wa kahawa kipo hapa hapa, na ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina ya Ruiru 11, inayostahimili chule buni na kutu ya majani. Mpe guka au shosho nafasi aeleze: shamba lilianzia wapi, alichuma kwa nani wakati wa likizo, debe lililipwaje. Kisha swali moja tu, kwa sauti ya kawaida: uamuzi wa kuuza ulifikiwaje? Ukishauliza, nyamaza. Wazee wengi hawajawahi kuulizwa hilo na watoto wao kwa upole. Wameulizwa kwa hasira tu, au na wakili.

Kuna familia ambayo donda lake ni baba asiyejulikana aliko. Hao nawapendekezea Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inayomfuata kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake hadi upande wa Kitale. Vijana huimaliza upesi. Kwa nakala, jaribu kwanza maktaba ya umma ya Thika na wauzaji wa mitumba wa katikati ya Nairobi kabla hujanunua mpya.

Kuhakikisha kinasomwa

Usitegemee kwamba watu watasoma kwa sababu umeomba. Gawa kazi. Katika Bembea ya Maisha, kila juma la Julai mpe mtu onyesho moja alisome kwa sauti, ajirekodi kwa simu, alitume kwenye kundi la familia la WhatsApp. Anayeendesha matatu atalisikiliza akiwa stendi. Anayeuza nguo atalisikiliza akipanga mzigo. Shosho asiyesoma Kiswahili vizuri apewe mjukuu wa kumsomea jioni jikoni, akimfafanulia kwa lugha ya nyumbani. Usimruke shosho kwa kudhani hatafuata. Mara nyingi yeye ndiye amewahi kuishi kila kilichoandikwa.

Walio nje nao wasiachwe. Walioko Doha au Riyadh wako katika saa moja na sisi, wanaweza kupigiwa siku hiyo wakiwa mapumzikoni. Walioko Boston au mji mwingine wa mashariki mwa Marekani wako nyuma yetu kwa saa saba wakati huo wa mwaka, kwa hiyo saa tano asubuhi Kamakis kwao ni alfajiri ya saa kumi. Usiwaamshe. Waombe warekodi sehemu ya Neema au Bunju mapema, isikike mezani kwa sauti yao. Mama akisikia sauti ya mwanawe aliye mbali ikisoma maneno ya mkwe anayelalamikia gharama za wakwe, hamtahitaji swali la kuanzisha mazungumzo.

Kuhusu michango, neno moja. Achaneni na ile orodha inayotumwa kwenye kundi, majina na kiasi kilicholipwa, tiki kwa wengine na nafasi tupu kwa wengine. Aliyefutwa kazi Juni anaiona nafasi yake tupu kila asubuhi, na siku ya mkutano atasema anaumwa. Mtu mmoja mwaminifu apokee kwa M-Pesa, atunze siri, atangaze jumla tu. Mwenye uwezo amzibie asiye nao kimyakimya.

Mkiwa mezani

Chagueni mwendeshaji, na asiwe mwenye pesa wala mzaliwa wa kwanza. Binamu wa kati, au mwalimu kama ukoo unaye, huwa afadhali. Kazi yake ni kusomesha onyesho moja au mawili kwa sauti, kisha kuuliza. Maswali yasizidi matatu, na yote yawe juu ya watu wa kitabuni: Je, Bunju ana haki kwa kiasi gani? Neema angefanya nini kingine? Nani angemsaidia Yona mapema, na kwa namna gani?

Sharti ni moja. Taja majina ya kitabuni, usitaje ya mezani. Kaka akisema, "Huyu Bunju anamchosha mke wake kwa hesabu," kila mtu anajua ana maana gani, na shemeji anajua zaidi ya wote. Hata hivyo anaweza kujibu kwa kumtetea Bunju bila kuvunjiwa heshima. "Bunju pia ana wazazi wake," atasema, "na hakuna aliyemuuliza nani anawalipia." Hapo mmefika mahali ambapo familia yenu haikuwahi kufika. Mwendeshaji asiharakishe. Ampe shangazi nafasi, ampe na kijana wa kidato cha tatu nafasi. Wazee waseme mwisho, si kwa kupuuzwa, bali kwa sababu mzee akishasema kwanza vijana hufunga midomo. Mtu akiona ni lazima ataje jina la mezani, aombe faragha na mhusika baadaye, watembee wawili hadi kwenye gari.

Sasa la Yona. Katika familia nyingi za pande zetu yupo Yona, na atakuwa ameketi pale. Usichague kitabu hiki ili kumpiga mshale. Mtu wa karibu yake amtembelee Julai, amwambie kitabu kinahusu nini, amwachie uamuzi wa kuja au kutokuja, na akija amuulize angependa kusoma sehemu gani. Nimeona mtu wa namna hii akiomba kusoma maneno ya Yona mwenyewe. Aliyasoma polepole, vizuri kuliko wote, na meza ikamsikiliza kama alivyokuwa akisikilizwa zamani. Hakuacha pombe siku hiyo. Ila dada zake walianza tena kumpigia simu, na wakati ule simu hizo zilikuwa na maana kubwa. Kwa sababu yake, na ya madereva, kubalianeni mapema kwamba meza hiyo haitaletewa bia. Anayetaka kinywaji abaki Kamakis wengine wakiondoka, na asiwe mwenye funguo za gari.

Watoto wadogo wasikalishwe kwa muda wote. Onyesho moja linawatosha, kisha waende wakacheze pamoja na mkubwa mmoja wa kuwatazama, kwani bypass iko karibu na magari hukimbia.

Nyama ikifika, funga kitabu, hata kama kuna mtu katikati ya sentensi. Nawisheni wazee kwanza. Mazungumzo yatajiendesha yenyewe kuanzia hapo, nusu kwa kicheko, na baadhi ya mambo mtayasikia juu ya ubao wa nyama ambayo hayakusemwa kitabu kikiwa wazi. Kabla hamjaachana, mwendeshaji aulize jambo moja la vitendo ambalo familia itafanya kabla ya Krismasi: zamu za kumpeleka mama kliniki, kikao cha kuitazama hati ya shamba, au safari ya kumwona ndugu ambaye hakuja. Moja tu, lenye jina la mtu na tarehe, liandikwe kwenye kundi jioni hiyo hiyo.

Kama umekubali kujaribu, anza kwa tarehe. Jumamosi za Agosti Kiambu nzima huchukuliwa mapema na ruracio na harusi, na mazishi hayapangiwi, kwa hiyo tangaza siku yako kabla ya Juni kwisha, uweke na siku ya akiba. Kisha mpigie mtahiniwa wa familia umuulize nakala yake ya Bembea ya Maisha iko wapi.